Pande nne za kiwanja, na njia je? Barua ya wazi kwa wenyeviti wa serikali za mitaa, Dar es Salaam

Ndugu zangu Wenyeviti,

 

Nyumba iliyo nyuma ya kwangu inauzwa. Dalali analeta wateja Jumamosi na Jumapili, asubuhi kabla jua halijawa kali, maana mtaa wetu uko kwenye mteremko na mteja aliyekwishatokwa jasho huanza kutafuta kasoro. Anawapitisha uchochoroni kando ya ukuta, yeye mbele, akisifia maji, umeme na udongo. Wakifika kwenye kona ambapo bajaji hugeuzia, anasimama na kutamka maneno yale yale ya wiki iliyopita: "Na njia ndiyo hii, ipo." Mteja anaitazama, anaiona kwamba ipo kweli, wanaendelea. Mimi niko dirishani nachambua mchele. Hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha hodi kuniuliza.

Njia hiyo ni yangu.

Simaanishi yangu kwa mazoea. Ni yangu kwa karatasi: mita 22 kutoka barabara ya mtaa kuingia ndani, upana mita 2 na nusu, nimeilipia shilingi milioni 4 mwaka 2019. Niseme ilikuwaje, kwa sababu kisa chenyewe kilianzia juu ya meza ya ofisi kama hizo mnazokalia.

Mwaka 2008 mimi na marehemu mume wangu tulinunua kiwanja chenye nyumba ya vyumba vitatu, upande wa juu wa barabara ya Morogoro. Muuzaji alikuwa mzee aliyelima pale mihogo na minazi kabla mji haujamfikia. Mji ulipomfikia, akawa anakata vipande. Kipande cha mbele alikuwa amempa mdogo wake, cha kati akatuuzia sisi, cha nyuma kinachoshukia korongoni alikaa dada yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Kuingia kwetu ilikuwa ni kupita kando ya mji wa yule mdogo mtu. Palikuwa peupe, pana, kuku wanaparua. Nani angeanza kuuliza habari za njia mahali ambapo hapakuwa na hata ua?

Karatasi ya mauziano iliandikwa kwa mkono katika ofisi ya serikali ya mtaa. Ninayo mpaka leo. Inasema kiwanja kinapakana mashariki na fulani, magharibi na fulani, kusini na Bibi, kaskazini na "njia". Basi. Njia ya nani, inatoka wapi, ina upana gani, ni ya miguu au ya gari, hakuna. Chini yake kuna mashahidi wanne, mjumbe, mwenyekiti, na muhuri uliogongwa ukapinda kidogo. Tukatoa na ile asilimia 10 ambayo kila mtu mtaani anaijua na ambayo sijawahi kuonyeshwa kifungu cha sheria kinachoitaja. Leo sikuja kuwadai hiyo. Ninaitaja kwa sababu wakati ule tuliamini kwamba tumelipia jicho la mtu mzoefu, mtu atakayeona tusichokiona.

Mdogo mtu akafariki. Warithi wakauza, wakagawana, wakatawanyika. Mnunuzi mpya akajenga ukuta wa tofali pale pale karatasi yake ilipomwambia kwamba mpaka wake unaishia, na karatasi yake haikuwa na neno njia upande ule. Tulichoachiwa sisi wa ndani kilikuwa upana wa mabega. Mtu na ndoo akikutana na mtu na ndoo, mmoja anarudi nyuma.

Wengi wakisimulia habari za vichochoro hukimbilia jeneza. Niwaambie kilichotutesa sisi: choo. Shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka linasimama barabarani, na kutoka barabarani hadi shimoni ni mipira mingi ya kuunganisha. Kila mpira una bei yake. Dereva anatazama ule upenyo, anatazama mpira wake, anataja pesa ambayo unajua kabisa ameitunga palepale, nawe huna la kujibu. Friji liliingia limelazwa, fundi akatuonya tusiliwashe kwanza. Na usiku Bibi alipozidiwa, vijana walimbeba kwenye kiti cha plastiki wakitembea ubavu, mmoja mbele, mmoja nyuma, kiti kikikwaruza ukuta mwendo wote.

Yule bwana wa ukuta simlaumu. Nilimlaumu kwa muda, kwa sauti kubwa pia, majirani wanajua. Lakini alinunua kiwanja kwa pesa yake, akaonyeshwa pembe nne, akazijengea. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Aliyekosea ni aliyegonga muhuri mara mbili, kwenye karatasi yangu yenye neno njia na kwenye karatasi yake isiyo nalo, bila kuziweka mbili hizo pamoja mezani.

Tukaenda baraza la kata. Siku hizo mabaraza ya kata yalikuwa bado yanasikiliza na kuamua. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 kazi yao imebaki kusuluhisha tu, na wasioelewana hufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mambo huenda mbali zaidi na nauli huongezeka. Wazee wa baraza walituuliza swali moja: njia ilikuwa na upana gani? Mimi nikasema mita 3. Bwana akasema alipokuja kununua aliona kijia cha miguu. Shahidi wangu akasema bajaji ilikuwa inapita. Shahidi wake akasema hapana, pikipiki. Mjumbe aliyetushuhudia alikwishafariki, mwenyekiti wa mwaka 2008 alikwishahama, na daftari la ofisi halikuonekana. Kuna msemo mnaouona umebandikwa ukutani katika maduka mengi, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeusoma tangu utoto nikinunua sukari, sikuwahi kuwaza kwamba unaihusu njia.

Mwishowe tulielewana wenyewe, nje ya baraza, chini ya mwembe. Yeye avunje ukuta na kuurudisha ndani, mimi nilipie ardhi na gharama za tofali. Wakili akaandika. Ndiyo ikawa hiyo milioni 4. Kwa hiyo nimeinunua njia moja mara mbili, mara ya kwanza ikiwa neno, mara ya pili ikiwa ardhi.

Sasa kuhusu sheria, maana najua wapo kati yenu watakaosema haya ni mambo ya viwanja visivyopimwa, ambako sheria haijafika. Imefika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ina sehemu nzima kuhusu haki ya mtu kupita juu ya ardhi ya mwenzake. Haki hiyo inahusisha viwanja viwili, kile kinachonufaika na kile kinachobeba mzigo, nayo huambatana na viwanja vyenyewe. Wenye viwanja wakibadilika, yenyewe inabaki. Ndipo penye tofauti na ruhusa. Yule mdogo mtu alikuwa ametupa ruhusa, kwa moyo mweupe, na ruhusa yake ilizikwa naye. Sheria hiyo hiyo inataka mikataba ya kuhamisha miliki ya ardhi iwe ya maandishi. Maneno ya barazani, hata yakisemwa mbele ya watu kumi, ni maneno ya barazani.

Halafu wapo wanaowatuliza wanunuzi kwa kusema, "Hiyo njia ya serikali, usiwe na wasiwasi." Jamani. Njia ya umma ina utaratibu wake wa kutangazwa. Haitoshi kwamba watu wameizoea na mbuzi nao wameizoea. Mkiwa na mchoro wa mipango miji unaoionyesha, bandikeni ukutani tuuone. Kama hamna, msilitaje jina la serikali, kwa sababu siku ukuta ukijengwa serikali hiyo haitaonekana.

Wenye viwanja vilivyopimwa nao wasicheke. Sinza na Kijitonyama zilipangwa katika ile miradi ya viwanja ya miaka ya 1970, zikachorwa barabara na njia za waenda kwa miguu. Tembeeni huko leo na ramani mkononi mhesabu ni njia ngapi za miguu zimegeuka bustani za watu, mabanda ya jenereta, vyumba vya walinzi. Ramani inasaidia pale tu ambapo kuna mtu anayetoka kwenda kuilinganisha na ardhi.

Wala si jambo geni kwetu watu wa pwani. Mji wa Lamu una vichochoro ambamo gari halipiti, punda wa mizigo ndiye anayepita, na juu ya baadhi ya vichochoro hivyo wenye nyumba walijenga wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili kwa juu. Fikirini maana yake. Mtu alikuwa na haja ya nafasi, pengine kuwaunganisha ndugu wa nyumba hii na ile, akaipata hewani, na chini akaacha punda apite na mchanga wake. Alijua pa kuishia. Na waliosoma madrasa wanaikumbuka hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia basi iwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hiyo saba ni mita 3 na kitu. Zaidi ya miaka 1,300 iliyopita watu walikwishaona kwamba ugomvi wa njia hauishi mpaka itajwe namba. Sisi tuna tepu ya mita inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, bado tunaandika "njia".

Ninachoomba ni kitu kidogo. Kabla muhuri haujagusa karatasi, mwenyekiti au mtendaji anyanyuke aende. Atembee kutoka barabara ya mtaa hadi mlango wa nyumba inayouzwa, na mnunuzi na muuzaji wakiwa nyuma yake, na kila mahali anapokanyaga aulize: hapa ni kwa nani? Kama ni kwa mtu, mtu huyo aitwe. Asiitwe kama shahidi wa mauziano, maana mauziano hayamhusu. Aitwe aseme kama anachompa mnunuzi ni haki au ni ruhusa, na akishasema, aandike na kusaini. Katika mauziano yetu ya 2008 mtu pekee ambaye saini yake ingetuokoa alikuwa amekaa kibarazani kwake, hatua thelathini kutoka tulipokuwa tunapima, anasikiliza redio. Hakuna aliyemwita.

Na kinachoandikwa kiwe na nyama. Upana kwa mita, upimwe mahali pembamba kuliko pote, kwa sababu gari halipiti kwa wastani wa upana. Gari la zimamoto au la majitaka lina kama mita 2 na nusu, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Uchochoro wangu wenyewe haulitoshi, najua, ila bajaji inaingia na mpira wa choo unafupika. Iandikwe inapitwa na nani na kwa chombo gani. Iandikwe kama bomba la maji linaruhusiwa kulala chini yake, kwa kuwa haki ya kutembea juu si lazima iwe haki ya kuchimba. Nani anajaza mashimo mvua za masika zikishachukua kifusi? Geti likiwekwa, nani anapewa ufunguo? Na hili msilipuuze: mtu akivunja nyumba ya vyumba vitatu akaweka vyumba kumi na viwili vya kupangisha, njia iliyokuwa ya familia moja sasa ina wapangaji, pikipiki zao na wageni wao. Mwenye ardhi naye ana haki yake. Si vizuri aliyekubali kupitiwa na jirani mmoja aamke amekuwa stendi.

Nimeambiwa na mmoja wenu, ninayemheshimu, kwamba wanunuzi hawana subira hiyo. Wamekuja na pesa, dalali anasubiri chake, muuzaji ana mgonjwa hospitali. Ninaamini. Sisi pia tulikuwa na haraka, mume wangu alikuwa anahesabu kodi ya nyumba tuliyopanga. Lakini kuna watu wawili tu pale mezani wasiopata hasara wakisema ngoja: mwenyekiti na mtendaji. Wengine wote haraka inawahusu. Na wanunuzi wenye hati wasidhani wamekwishavuka. Hati ina pembe nne na namba zake. Ukienda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, utaambiwa nani anamiliki na kama ameweka rehani. Kama haki ya kupita haikuandikishwa, upekuzi hautakuonyesha kitu ambacho hakimo.

Mtaani kwenu ukija urasimishaji, hapo ndipo penye nafasi kubwa zaidi, na ndipo ninapoona wengi wenu mnaipoteza. Kamati inachaguliwa, mpimaji anakuja, kila mtu anaombwa aachie kipande ili barabara ipatikane. Barabara kubwa hazina shida, zinapiganiwa na wenye magari, na wenye magari wana sauti. Vichochoro vya kuingilia nyumba mbili tatu ndivyo vinavyomezwa na viwanja, kwa kuwa mwenye kiwanja cha mbele yupo siku ya kupima, ameshika bikoni, na wa nyuma yuko kazini. Mkimkosa wa nyuma, msubirini. Mchoro ukishapitishwa, kuurekebisha si kazi ya siku moja.

Sasa nirudi kwa dalali na wateja wake.

Bibi alifariki mwaka juzi. Alipita katika njia yangu mpaka mwisho, na tangu nilipoinunua hatukuwahi kuizungumzia, angenicheka. Watoto wake wako Tanga na Morogoro, wameamua kuuza, ni haki yao. Wiki iliyopita alikuja binti mmoja na mumewe, ana mimba ya miezi kama saba, akawa anashikilia ukuta akishuka. Nikamwona ananyoosha mikono miwili pande zote kupima kama kitanda kitapita. Alijitahidi kuliko mwenyekiti wangu wa 2008. Nadhani watanunua.

Mimi nitamruhusu apite. Kila anayenijua anajua. Lakini yule mdogo mtu naye aliruhusu, naye kila mtu alimjua. Nina miaka 61 na sukari. Nina watoto watatu, mmoja wao tangu utoto hajawahi kugawana hata embe. Nikiondoka, watakuta karatasi inayosema mita 22 kwa mita 2 na nusu ni mali ya mama yao, na watu wa nyuma wanapita bure. Ukuta wa pili wa uchochoro huu utajengwa na wanangu, kwa hati yangu, na hawatakuwa wamevunja sheria yoyote.

Kwa hiyo ninaomba nifungwe, na nifungwe ningali hai. Karatasi ya mauziano ya nyumba ya Bibi itakapofika ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa wetu, na itafika karibuni, asiigonge. Aniite. Siku za kazi niko nyumbani baada ya saa nane, Jumamosi siku nzima. Tepu ninayo, ile ile tuliyopimia chini ya mwembe, kipande cha mwanzo kimekatika kwa hiyo inaanzia sentimita ya nne. Wakili wangu amekwishaandika rasimu, imebaki nafasi ya jina la mnunuzi.

Wenu,
Mama wa nyumba ya katikati